Swali Nililowauliza Wengine

Sheria ya mwaka 1996 ilipofungua biashara ya bima Tanzania Bara, iliyokuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake tangu 1967, nami nilipata riziki. Pale Mtwara nilikuwa wakala wa kampuni moja. Baadaye nikaanza kuitafutia wateja kampuni nyingine kwa shughuli zangu mwenyewe.

Mzee mmoja wa Msimbati aliniambia, "Mwanangu, mashua yangu huvuka mlango wa Ruvuma hadi Msumbiji. Iandike hivyo." Nikaitikia, nikasahau. Fomu ikataja mwambao wa Tanzania tu. Mashua ikazama ng'ambo, na kampuni ikakataa kulipa. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na bima ya dhima ya kazi, niliyokatiwa na kampuni ya kwanza. Nikaisoma kwa matumaini. Ilikinga makosa niliyoyafanya nikiiuzia kampuni hiyo tu; fomu ya mzee ilikuwa ya kampuni nyingine.

Nilimlipa kwa korosho za shamba la baba, msimu baada ya msimu. Miaka yote niliwauliza watu, "Likitokea la kutokea, nani atalipa?" Ndugu msomaji, mwenyewe sikuwahi kujiuliza.