Namba kwanza, rangi baadaye: jinsi ya kukagua mashine kuukuu

Mwenzangu mmoja kazini yuko Marekani. Tunaandika programu pamoja, yeye kule, mimi huku Kathonzweni, na Ijumaa tukimaliza kazi hupenda kunionyesha bunduki mpya aliyonunua. Mpya kwake yeye, maana yenyewe ina miaka mia na ushee. Anakusanya zile bunduki za marisau zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu: Parker za Meriden, Connecticut; L.C. Smith za Fulton, New York, A.H. Fox za Philadelphia. Parker ilinunuliwa na Remington mwaka 1934, na hizo nyingine nazo zina hadithi ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kila anachonunua kimepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao ana la kusimulia.

Nilimwuliza: unajuaje kwamba hujauziwa takataka? Jibu lake ndilo limenifanya niandike leo. Alisema: soma namba, tikisa, gonga, pima. Uzuri uangalie mwisho, na ukizidi, uogope.

Nitaeleza kwa kifupi. Namba ya chuma ndiyo inayosema bunduki ilitengenezwa lini, si mdomo wa muuzaji. Kutikisa: unaondoa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, unashika kitako, unatikisa. Mitutu ikicheza penye bawaba, bunduki imechoka. Kugonga: unaning'iniza mitutu peke yake na kuigonga taratibu. Kama imeshikana vizuri hulia kama kengele. Kama risasi iliyoiunganisha imeachia, sauti inakuwa butu. Kupima ndiko kuzito zaidi. Mtutu unaong'aa ndani kama kioo unaweza kuwa umesuguliwa ili kuondoa mashimo ya kutu, na ukuta wake umebaki mwembamba. Macho yanaona usafi, kipimo kinaona hatari. Tena nyingi za bunduki hizo zilitobolewa kwa risasi fupi kuliko hizi za leo za inchi 2¾. Asiyepima anaweza kuumia.

Hapa Kenya hiyo si burudani ya siku ya soko. Bunduki bila cheti ni kesi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna mtu anayezipanga chini ya mwavuli kando ya maembe. Lakini tunazo mashine kuukuu za Kimarekani zetu wenyewe, tena zinazolisha watu. Nazungumzia cherehani.

Usidhani nimeruka mbali. Singer, kampuni iliyoanzishwa 1851, iliwahi kutengeneza bastola. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliiagiza bastola 500 za aina ya M1911A1 ili kupima kama kiwanda cha cherehani kinaweza kufanya kazi hiyo. Kiliweza. Bastola hizo sasa zinatafutwa na wakusanyaji kama dhahabu. Chuma ni chuma, na anayejua kukagua kimoja ana mwanzo mzuri wa kukagua kingine.

Haya, tuje nyumbani. Shangazi yangu ni fundi wa nguo, anashona sare za shule. Baada ya kuuza ndengu alikuwa na shilingi 12,000 za kununua cherehani ya pili, ili msichana anayemfunza kazi asikae akimsubiri. Pesa hizo zilikuwa ndizo hizo; zikipotea, zinangoja mvua nyingine. Tukapata mashine mbili, zote zimeandikwa Singer. Ya kwanza ilikuwa ya mchuuzi mmoja, nyeusi inayong'aa, maandishi ya dhahabu, bei 11,000. Ya pili ilikuwa ya susu mmoja, mjane wa fundi. Ilikaa stoo miaka, imejaa vumbi na kinyesi cha popo, gurudumu halizunguki. Bei 4,000.

Hivi ndivyo tulivyozikagua. Unaweza kufuata hatua hizi popote.

1. Namba. Kwenye Singer za zamani namba imepigwa kwenye chuma, upande wa kulia wa kitako cha mashine, karibu na gurudumu. Kabla ya 1900 ilikuwa tarakimu tupu, baadaye ikatanguliwa na herufi. Namba nyingi zenye herufi mbili zinazoanza na E zilitoka kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, kule Scotland. Zinazoanza na A zilitoka Elizabeth, New Jersey. (Kwenye jina la modeli, K ya 15K au 201K ni hiyo Kilbowie. Kiwanda hicho kilifungwa 1980.) Ya susu ilianza na EK, yaani katikati ya miaka ya 1950. Ya mchuuzi ilikuwa na rangi nene mahali pa namba. Tulipopitisha ukucha, hakukuwa na namba chini yake. Kibati cha nembo nacho kilikuwa kimegundishwa, wakati vya zamani vilipigiliwa kwa vipini vidogo.

2. Gurudumu. Ondoa uzi, zungusha kwa mkono, polepole. Hapa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui. Mashine ikiwa nzito mzunguko wote, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka yakawa gundi, hasa kama mtu aliitia mafuta ya kupikia. Hiyo inatibika. Ikiwa nyepesi halafu inagonga mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda, au uzi umekwama kwenye kikopo cha bobini. Toa uzi kwanza. Ikiendelea kugonga, acha.

3. Mchezo. Shika kile chuma kinachobeba sindano, kisukume kulia na kushoto. Kisha vuta gurudumu nje na ndani. Kikicheza sana, matundu kinamopita yamelika. Hili ndilo sawa na mitutu iliyolegea. Ya mchuuzi ilicheza mpaka nikaisikia ikigonga. Rangi yote ile ilikuwa juu ya mwili uliokwisha.

4. Vipuri. Singer ya aina ya 15 imeigwa sana na viwanda vya Japani, Uchina na India. Hata Butterfly nyingi zilizoko kwa mafundi wetu zinafuata umbo lake. Kwa sisi waandika programu, hii ni kama kiolesura kilicho wazi: ukitimiza vipimo, kipande kinaingia bila kuuliza kimetoka nchi gani. Kwa hiyo bobini, kikopo chake, sindano, chemchemi ya uzi na mkanda si sababu ya kukataa mashine. Ni sababu ya kujadili bei.

5. Stendi. Tafuta nyufa kwenye chuma cha miguu. Chuma cha kumwaga ni kigumu kuchomelea, na kikichomelewa vibaya hupasuka pembeni ya kiraka. Kanyaga pedali bila mkanda usikilize.

6. Mshono. Uzi mwekundu juu, mweupe chini, kitambaa mikunjo miwili. Mafundo yakutane katikati ya kitambaa, yasionekane juu wala chini. Kisha jaribu mikunjo minne ya jinzi, halafu kitambaa chepesi cha bitana. Mashine inayoweza moja tu itamchelewesha fundi kila siku.

Ya susu haikuweza kufika hatua ya sita kwa kuwa ilikuwa imeganda. Tulimwomba ruhusa, tukatia mafuta ya taa kila penye tundu, tukarudi kesho yake, tukaongeza mafuta ya cherehani. Siku ya tatu gurudumu likazunguka, na mzunguko ukawa laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchezo hakuna. Meno yanayosukuma kitambaa bado makali. Tukashona jinzi mikunjo minne, mafundo yakakaa ndani.

Sasa ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Mimi na shangazi tulijua ile mashine si ya 4,000. Susu hakujua. Aliiona kama alivyoiona mwaka jana na mwaka juzi: mzigo mweusi wa marehemu unaojaza stoo.

Nilimwambia shangazi kwamba bei ni yake yeye mwenyewe, hatukumdanganya. Tena kazi ya siku tatu ni yetu, mafuta ni yetu, na ujuzi wa kusoma namba ni wetu. Bado naona hoja hiyo ina uzito. Anayekagua anastahili kitu. Mwenzangu wa Marekani anasema wakusanyaji wa bunduki wanabishana juu ya hili kila siku: mjane anafungua kabati, ndani mna Parker, yeye anadhani ni gongo la chuma. Wengine hulipa anachotaja na kuondoka upesi. Yeye husema anachokiona kabla ya kutaja bei, kisha anatoa gharama zake mbele ya mwenye mali.

Shangazi hakuhitaji mfano wa Marekani. Alinijibu kwa sentensi moja: "Huyu tunateka maji kisima kimoja."

Akamwita susu mbele ya mashine. "Susu, keti uone." Akashona kipande, akampa ashike. Akamwambia mume wake alikuwa ameacha kitu kizima, kwamba kwa jinsi tulivyokikagua kinafaa 9,000, na kwamba atakata 500 za mafuta na mkanda mpya. Lakini pesa zote hawezi kutoa leo, kwa sababu lazima abaki na za kitambaa na nyuzi, la sivyo cherehani itakaa bila kazi. Wakapatana: 4,500 papo hapo, zilizobaki 1,000 kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa mpaka ziishe. Susu aliuliza swali moja tu: kama sare ya mjukuu wake itakuwa ndani ya hesabu au nje. Ikawa ndani.

Kuna jambo dogo la historia hapa ambalo lilinifurahisha. Kuuza kwa malipo ya mwezi kwa mwezi ndiko kulikoifanya Singer iwe Singer. Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, alianza mpango huo mwaka 1856, kwa kuwa familia za kawaida hazikuwa na uwezo wa kulipa bei yote kwa mara moja. Miaka zaidi ya 160 baadaye, wanawake wawili wa Kathonzweni walifika pale pale bila kumsoma mtu yeyote.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Kujua kukagua ni nguvu, na kama nguvu zote, ina watu pande mbili. Inamlinda mnunuzi dhidi ya rangi mpya juu ya chuma kilichokwisha. Lakini inaweza pia kumvua asiyejua mali yake. Ukikagua mbele ya muuzaji, ukasoma namba kwa sauti, ukamwonyesha panapocheza na pasipocheza, mnajadili chuma kile kile. Bei ikishuka, anajua kwa nini. Ikipanda, nawe unajua kwa nini.

Kwa wale wa upande wa programu: nimeanza kijiprogramu cha kusoma namba hizi kwenye simu bila intaneti. Ni jedwali tu la mafungu ya namba na miaka. Mambo mawili ya kuangalia ukitaka kuandika chako. Tenganisha herufi na tarakimu kabla ya kulinganisha, la sivyo kompyuta itaona EK9 ni kubwa kuliko EK10. Na mwaka unaoupata ni mwaka ambao fungu la namba lilitolewa kwa kiwanda, si lazima uwe mwaka mashine ilipotoka mlangoni. Kwa hiyo andika "karibu na".

Ukienda kukagua, beba tochi, sindano mpya, nyuzi mbili za rangi tofauti, kipande cha jinzi na cha bitana, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, na kitambaa cha kufuta vumbi penye namba. Anza na hicho kitambaa.