Mgunga Ulionyang'anywa Jina

Ukiteremka barabara ya Magadi, ukaipita Kona Baridi na upepo wake, joto hukupokea hatua kwa hatua. Huko chini, jirani na Olorgesailie, kipo kituo kidogo kiitwacho Oltepesi. Ndivyo Wamaasai wauitavyo mgunga, mti wa matawi yaliyotandazwa bapa kama jamvi, wenye miiba mirefu myeupe na vijiua vya duara vinavyonukia. Mbuzi huyajua maganda yake yaliyojisokota kuliko sisi.

Kwa wataalamu, mti huu uliitwa Acacia. Jina hilo Wagiriki wa kale walilitumia kwa mti wa Misri, na wengi husema lilitokana na ncha kali ya mwiba wake. Mwiba ukazaa jina.

Mwaka 2005, mjini Vienna, wanabotania waliamua jina hilo libaki kwa miti ya Australia, spishi zinazokaribia elfu moja, nyingi zikiwa hazina mwiba hata mmoja. Mwaka 2011, Melbourne, uamuzi ukasimama. Mgunga wetu sasa ni Vachellia tortilis, kwa kumbukumbu ya George Harvey Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea Uchina. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: heri kubadili majina machache kuliko mengi. Sina la kuipinga. Lakini tangu lini huzuni ikasikiliza hesabu?

Na huzuni hii ni ya nani? Mzizi haukusikia kitu. Nyuki hakupotea njia. Maua yalichanua msimu uliofuata, meupe vilevile, bila kujua yamekuwa maua ya nani.

Mzee akifariki, jina lake hupewa mjukuu, nasi husema amerudi. Amerudi kweli? Au tunaita tu, na anayeitika ni mwingine?

Maana upo upotevu wa upande wa pili. Gunia la makaa linaposimama kando ya barabara, limefungwa kwa majani mdomoni, mgunga umeondoka na jina limebaki. Oltepesi kitaitwa Oltepesi hata siku ambayo kivuli cha mwisho kitakuwa kimechomwa. Kipi kizito, mti uliopokonywa jina, au jina lililopokonywa mti?

Hilo la kwanza naweza kuishi nalo. La pili linapakiwa kwenye malori ya kwenda mjini.