Usiku wa Mgonjwa

Mwaka 2019 dada yetu mkubwa alirudi Muheza kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameuguzwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, akapigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya shingo ya kizazi. Ugonjwa ukarudi, tena ukaenea, na madaktari wakamweleza kwa upole ya kuwa kazi iliyosalia ni kumpunguzia taabu. Hatuandiki kueleza ugonjwa wenyewe, maana wengi wenu mmeuona majumbani mwenu. Twaandika kwa ajili ya jambo moja tulilolidharau, nalo ni usingizi.

Dada yetu hakulala. Tulimpeleka kitandani saa 2 usiku, mara baada ya chakula, tukazima taa, tukamwambia, "Lala, dada, upate nguvu." Tukamsikia akigeuka hata majogoo. Asubuhi tulimwonea huruma, tukamwacha kitandani, tukafunga madirisha ili nuru isimsumbue, na watoto wakakatazwa kucheka uani. Mchana alisinzia na kuamka, akasinzia tena. Usiku ukija, macho makavu. Tulikwenda katika hospitali moja kuomba msaada, tukaambiwa ndivyo ugonjwa ulivyo, tukapewa vidonge vya usingizi. Alipovimeza aliamka kama mlevi, na siku ya tatu akaanguka njiani kwenda msalani. Akakataa kuvimeza tena.

Ndipo alipokuja muuguzi wa tiba shufaa, mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Tulitazamia ataanza na usingizi, lakini yeye alianza na maumivu. Alisema mtu anayeumia hafundishwi kulala. Kwa amri ya daktari, mofini ya maji ya wakati wa kulala ikaongezwa, ili dada asiamshwe na maumivu katikati ya usiku. Kisha akatazama dawa zetu zote, akashika kichupa cha deksamethasoni. "Hii mnampa saa ngapi, mwalimu?" Tukajibu kwamba twampa jioni pamoja na chakula. Akacheka kidogo, akasema dawa hiyo humwamsha mtu, yafaa inywewe asubuhi. Wiki nyingi tulikuwa tumempa dada yetu kwa mikono yetu wenyewe kitu cha kumnyima usingizi!

Baada ya hayo akaanza mafundisho yake. Mtu akilala macho wazi kitandani usiku hata usiku, alisema, kitanda chenyewe humfundisha kukesha. Akikiona tu, moyo huanza kwenda mbio. Basi kitanda kiwe cha usiku peke yake. Mchana dada akae barazani juu ya kiti au mkeka, aone jua la asubuhi, asinzie mara moja tu, tena kabla ya saa 9 alasiri. Asipelekwe kitandani saa 2, bali saa 5, usingizi umjie kwa haja. Saa ya ukutani iondolewe chumbani, maana kuhesabu saa ni kazi ya mtu aliye macho. Mama yetu alikasirika sana. Aliona ni ukatili kumkalisha mgonjwa hata saa 5, na siku mbili hakusema nasi.

Muuguzi hakuyabuni mambo hayo. Mwaka 1972 Richard Bootzin, mtaalamu wa mambo ya nafsi wa Marekani, alieleza namna ya kumpatanisha mtu na kitanda chake. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaandika juu ya kufupisha muda wa kukaa kitandani. Josée Savard wa Chuo Kikuu cha Laval, huko Quebec nchini Kanada, aliyajaribu kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, na mwaka 2005 akatangaza kwamba usingizi wao ulikuwa bora. Lakini wanawake wale walikuwa wamekwisha tibiwa, na miguu yao ilikuwa na nguvu. Sharti mojawapo ni kwamba mtu asiyepata usingizi aondoke kitandani. Dada yetu angeondokaje? Muuguzi akalilegeza sharti hilo: tumketishe juu ya mito, tumfunike kanga mabegani, tuzungumze naye polepole hata kope zishuke, ndipo tumlaze.

Tena alituagiza tununue daftari. Kila siku saa 10 alasiri tuketi naye barazani, atutajie yote yanayomkesha, nasi tuyaandike, ili usiku yasiwe na haja ya kurudi. "Wala usimnyamazishe," akasema, "wala usimwambie atapona. Mwulize tu." Kwetu sisi tuliozoea kusahihisha madaftari ya wengine, kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Siku ya kwanza alitaja deni la mahindi. Siku ya pili, ada ya shule ya mwanawe. Siku ya nne alinyamaza kitambo, akasema, "Mdogo wangu, mimi naogopa kulala. Nikilala nisijue, nikafa."

Ulimi ulitutoka kusema, "Dada, usiseme hivyo," tukauzuia. Tukamwuliza kinachomtisha ni kufa kwenyewe, ama ni kufa pasipo mtu. Akajibu, "Pasipo mtu." Tukaliandika. Jioni ile mama alihamishia mkeka wake chumbani mwa dada, akautandika karibu kiasi cha kushikana mikono, na ule ugomvi wa saa 5 ukaisha.

Hatusemi alilala kama mtoto. Katika daftari lile tuliandika pia saa za usingizi, kama mahudhurio ya darasani. Wiki ya kwanza alipata muda wa saa 3 kwa usiku mmoja, wiki ya nne saa 5, na siku za homa hesabu iliharibika yote. Lakini mchana alikuwa macho, akaamua mambo ya shamba, akamwita mwanawe na kumwonyesha mipaka, akatuchekesha.

Alifariki mwezi wa Februari 2020, adhuhuri, mama akiwa kando yake. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja wa usiku uliotangulia: "Saa 4 na nusu. Aliamka mara moja, akaomba maji, akauliza kama mama yupo."