Stata Iliyokuwa Nzima

Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, nami miaka mingi baadaye nikapata kazi kwenye ghala moja la chai Shimanzi: fundi wa foklifti. Zilikuwa za gesi. Chai hudaka harufu upesi, na nani atanunua majani yanayonuka moshi wa dizeli?

Asubuhi moja foklifti ikagoma. Taa za dashibodi zinawaka, ukizungusha ufunguo, "tak!", kisha kimya. Lori la magunia liko mlangoni. Nikapima betri: volti 12.6. Swichi ya kiti na ile ya nyutro sikuzishuku, maana zikikata, hata hiyo "tak" huisikii. Nikatoa hukumu: stata imekufa. Tajiri akanunua nyingine huku ananung'unika. Nikaifunga. "Tak!"

Dereva alikuwa amejilaza juu ya magunia. "Fundi, na hiyo pia imekufa?"

Nikafunga mtungi (gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni ikingoja cheche), kisha nikafanya lile nililopaswa kulifanya tangu alfajiri. Nikamwambia ashikilie ufunguo, nami nipime. Betri ikabaki 12.4. Stata ikivuta kweli, betri lazima ishtuke, hii haikushtuka. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Hapo hata nusu volti ni nyingi. Nilisoma 9.

Umeme ulikuwa unafika kwenye stata, ila njia ya kurudi imeziba. Ule waya mnene unaounga injini na fremu ulikuwa umevaa mpira mweusi, safi, hauna hata mkwaruzo. Nikauchana kwa kisu karibu na kichwa chake. Shaba ilimwagika unga wa kijani. Nyuzi tatu nne tu ndizo zilizokuwa bado zimeshika. Chumvi ya bandarini ilipenya pale ulipobanwa. Nyuzi tatu nne zinatosha kuivuta solenoidi. Kuzungusha injini, thubutu!

Nikafunga waya mpya, nikafungua gesi, injini ikawaka mara moja.

Stata ya zamani niliijaribu mezani: nzima kabisa. Nikaiviringishia gazeti, nikaipandisha rafu ya juu. Tajiri alipoiona akauliza ni ya nini.

"Ya akiba, mzee," nikamjibu.