Niliuza gemu ya kaka, nikaja kuisaka miaka 26 baadaye

Wiki hii naomba nitubu. Kuna watu wanatubu kwa padri. Padri wangu mimi ni wewe unayesoma safu hii ndani ya daladala, umebanwa mbavu na mama mwenye ndoo ya samaki.

Mwaka 1997 nilimwibia kaka yangu gemu. Usidhani niliazima nikasahau kurudisha. Niliiba, nikauza, nikala chipsi.

Ngoja nikupe mkanda mzima. Mjomba wetu alikuwa baharia. Mwaka 1995 alirudi na Sega Mega Drive, ile mashine nyeusi inayotumbukizwa kaseti kwa juu. Wakati huo TV yenyewe ilikuwa bado kitu cha kushangaa. Huku Bara vituo vya televisheni vilianza 1994, kabla ya hapo mwenye TV alikuwa anaangalia mikanda ya video tu. Wazenji walianza zamani, miaka ya 1970, na wametutambia mpaka basi. Kwa hiyo nyumba yenye TV na Sega pale mtaani kwetu Magomeni ilikuwa kama ikulu. Dirisha la sebuleni lilijaa vichwa vya watoto mpaka maza akalalamika hapati hewa.

Mashine ilikuja na kaseti moja tu, ya Sonic. Ile ya pili aliinunua kaka. Alikuwa na miaka 19, anabeba mizigo kwenye duka moja Kariakoo, na mshahara wake wa kwanza wote ukaishia kwenye kaseti ya mpira: FIFA International Soccer. Nyie mnaocheza FIFA za siku hizi, babu yenu ndiye huyo. Ilitoka 1993, na boksi lake lina picha ya David Platt wa Uingereza akigombea mpira na Piotr Świerczewski wa Poland. Ndani hakuna Messi wala nani. Majina ya wachezaji ni ya kubuni, timu ni za taifa tu, na Tanzania haimo, kama kawaida yetu.

Sasa ikaja Idd ya 1997. Nina miaka 13, disco toto inaniita, mfukoni sina hata jero. Nikaichomoa kaseti, nikampelekea jamaa mmoja mtaa wa pili, akanipa shilingi 3,000. Siku hiyo nilicheza disco kama mfalme.

Kaka aliporudi kazini akatafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, mpaka kwenye ndoo ya unga. Akaniuliza. Nikamwambia sijui, labda panya. Panya, msomaji wangu! Panya gani anabeba plastiki ngumu vile? Kaka akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya, dogo." Basi. Hakuliongelea tena.

KARUDI NA BEGI MOJA

Mwaka 1999 kaka akatimkia Bondeni. Kule alifanya kazi alizofanya, na kutoka huko alinilipia ada kuanzia kidato cha tatu mpaka nikamaliza. Kila nikipokea hela yake nilikuwa naikumbuka ile kaseti, roho inanisuta, halafu nasahau.

Mwaka 2023 akarudi moja kwa moja. Karudi na begi moja. Mambo yalimwendea kombo, na sitayaanika hapa kwa sababu ni yake. Nakwambia tu kwamba mtu akikaa nje miaka 24 akarudi na begi moja, mtaa haumsamehi. Wanamsalimia huku wanachungulia nyuma yake kama kuna kontena.

Kaka akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda uani kwa maza. Ukimuuliza hali, "Nzuri tu." Ukimuuliza amekula, "Nimekula." Saa mbili usiku kalala. Kijiweni haendi. Maza akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, ongea na kaka yako, huyu anaisha." Nikajaribu. Niongee nini? Sisi wanaume tukikaa wawili bila mpira katikati hatuna la kusema.

Wiki hiyo hiyo namsaidia maza kuhamisha kitanda, nikakuta kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Ile Sega! Na kaseti ya Sonic imo ndani yake. Nikakaa pale sakafuni na kanga yangu mapajani, nikajua deni langu ni lipi.

KARIAKOO WAKANICHEKA

Nilidhani kazi ya siku moja. Wapi! Ilinichukua miezi saba.

Nilianzia Kariakoo. Kijana wa duka la kwanza nilipomtajia Sega akaniuliza, "Bosi, hiyo ni simu?" Sikumlaumu. Sega walitangaza kuacha kutengeneza mashine za gemu Januari 2001, na huyo kijana sidhani kama alikuwa amezaliwa. Wa duka la pili akanitolea kaseti ya njano inayosema ndani mna gemu 9999. Nyie msiozijua hizo, sikilizeni. Zile kaseti zina gemu chache tu, zinarudiwarudiwa kwa majina tofauti, hii umebadilishwa mwendo, hii umeanzishiwa hatua ya tatu. Isitoshe ni za zile mashine za Kichina zilizoiga Nintendo, kwenye Sega haziingii hata ukizipiga nyundo.

Hapo nikajifunza la kwanza: usitafute gemu kabla ya kuijua mashine yako. Mega Drive ilitoka Japani 1988, Marekani 1989 ikiitwa Genesis, Ulaya 1990. Kaseti za Kijapani zina umbo lake, na kuna gemu zinazogoma kabisa kwenye mashine ya nchi nyingine. Mashine ya mjomba ilikuwa ya Ulaya, kwa hiyo nilihitaji kaseti ya Ulaya. Pia TV yako ya bapa ya kisasa inaweza isiwe na tundu la waya wa zamani. Mimi niliponea TV ya chogo ya maza, ambayo amekataa kuitupa kwa sababu anaweka maua juu yake.

La pili ndilo lililonichekesha, kisha likaniliza. Niliingia mitandaoni kwa wanaokusanya gemu za zamani. Kule kuna watu wanatoa hela za kutisha. Julai 2021 huko Marekani, kopi ya Super Mario 64 ya mwaka 1996 ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Lakini ukiwauliza kuhusu gemu za mpira wanakucheka. Gemu ya mpira ikitoka mpya, ya mwaka jana inageuka takataka. Kwa wenzetu ndizo zinazojaa kwenye maboksi ya bei ya kutupa, hakuna anayezitaka. Kwa hiyo nilikuwa nasaka kitu ambacho kwao ni cha jalalani, na kwetu hakipo. Kuiagiza kutoka Uingereza, nauli ilikuwa inaizidi kaseti mara nyingi.

NIKAPIGWA CHANGA LA MACHO

Mwezi wa nne nikapata jamaa mmoja kwenye simu, anadai anayo. Tukakutana kituoni, akanionyesha, ina karatasi ya FIFA kabisa, nikatoa elfu ishirini bila kufikiri. Nikafika nyumbani, nikaitumbukiza: likatokea gemu la ndege za kivita. Nikaifungua. Ndani, badala ya chipu yenye miguu na maandishi, kulikuwa na tone jeusi kama lami limemwagwa juu ya kibao. Hiyo ndiyo alama ya kaseti nyingi feki, msomaji. Nyingine ni karatasi yenye picha iliyofifia, na plastiki nyepesi kama ya kopo la juisi.

Na kwa FIFA yenyewe kulikuwa na alama nyingine ambayo mimi, niliyeishika mamia ya mara, niliisahau. Kaseti za Sega za kampuni ya Electronic Arts zilikuwa na kipande cha plastiki ya njano ubavuni kushoto. Ile niliyouziwa ilikuwa nyeusi tii. Tamaa ilinipofusha. Elfu ishirini ikaenda hivyo, na nikaona kama vile 1997 inanidai riba.

FUNDI WA ILALA

Mwisho nikaacha maduka, nikaanza kuzungukia mafundi. Hii ndiyo siri ninayokupa bure. Mwenye duka anauza kinachotoka. Fundi hatupi kitu. Watu wanamletea TV mbovu pamoja na makorokoro yake, hawarudi kuchukua, naye anayaweka.

Wa kwanza kunipa moyo alikuwa Mchikichini, lakini alinieleza kwamba maboksi yake ya vitu vya zamani yaliteketea kwenye ule moto wa Januari 2022. Akanielekeza kwa mwenzake Ilala, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nini kimekufa?"

Nikamwambia hakuna kilichokufa, natafuta kaseti ya Sega. Hakucheka. Akanisukumia boksi la mguuni kwake, akaendelea kuchomelea redio. Rimoti, pedi zisizo na waya, kaseti ya taarabu, chaja za Nokia. Chini kabisa nikaona njano.

Moyo ulipiga, lakini mtoto wa mjini haonyeshi. Nikaichanganya na rimoti mbili nisizozihitaji, nikauliza kwa uvivu, "Hivi vyote bei gani?" Mzee akanitazama juu ya miwani. "Rimoti rudisha boksini. Hicho unachokitaka, elfu tano."

Aliniweza.

Nikamwomba tuijaribu, akasema mashine hana, lakini akaifungua mbele yangu. Chipu yenye miguu, safi. Shaba ya kwenye meno ilikuwa imeingia weusi. Nikataka kuipuliza kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, mzee akanipiga kofi la mkono. Akasema mate yako ndiyo yanayotia kutu. Akachovya pamba ya masikio kwenye spiriti, akasugua mpaka pamba ya tatu ikatoka nyeupe. Basi miaka yote ile ya kupuliza mpaka mashavu yanauma, tulikuwa tunaziua wenyewe!

"HAYA, DOGO"

Jumapili nikaenda kwa maza. Nikatoa maua juu ya TV, nikachomeka nyaya, nikamwita kaka. Akaja anaburuza ndala. Alipoiona ile kaseti akasimama mlangoni.

Sikusema kitu, nikampa pedi. Akachukua Brazili, mimi Ujerumani. Dakika za mwanzo vidole vyake vilikuwa vizito. Halafu kipa wangu akadaka, akajiandaa kupiga mpira mbele, na kaka akamleta mchezaji wake akasimama puani kwa kipa. Mpira ukamgonga, ukarudi golini. Ule wizi wa zamani! Gemu hii ina hilo kosa, kila aliyeicheza analijua. Kaka akacheka. Nakwambia alicheka mpaka maza akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nikaona niseme sasa hivi au nisiseme tena. "Kaka, ile kaseti mwaka ule niliiuza mimi."

Hakugeuza macho kwenye TV. "Najua."

"Unajua?"

"Uliyemuuzia alinifuata jioni ile ile. Nilikuwa naenda kwake kuicheza mpaka nilipoondoka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri useme." Akafunga goli la pili. "Umechukua muda, dogo."

Kaka hakubadilika siku moja kama kwenye filamu za Kihindi. Bado kuna siku kigoda kinamshinda. Lakini Jumatano yake alinipigia simu mwenyewe, kuuliza huyo fundi wa Ilala anakaa upande gani, kwa sababu Bondeni alijifunza kuchomelea na pale uani kunamchosha. Nikampeleka. Mzee akamtazama juu ya miwani, akamsukumia redio.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kusaka gemu za zamani: ijue mashine yako, fungua kaseti kabla ya kufungua pochi, na kama gemu ni ya kuhifadhi ulipofikia, uliza betri yake ndogo ya ndani, maana nyingi zimeshakufa kwa uzee. Ukisaka CD za PlayStation ya kwanza, igeuze: halisi ni nyeusi kwa chini. Na kama uliuza kitu cha mwenzio, usisubiri miaka 26. Huenda anajua.

Naishia hapo, nina mechi ya marudiano Jumapili. Tukutane wiki ijayo, ukishuka daladalani usisahau gazeti.