Nuru Isiyochukulika



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya ghuba moja ndogo katika kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, kwenye Bahari ya Karibi. Jina lake ni Mosquito Bay. Kitabu cha Rekodi cha Guinness kimeitambua kuwa ndiyo ghuba inayong'aa kuliko zote duniani.

Tuliingia humo usiku usio na mwezi, wawili wawili katika kayaki, mitumbwi myembamba isiyo na injini. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha makasia yakagusa maji, na kila pigo likawasha moto wa buluu usiochoma. Samaki waliotukimbia walichora mistari ya mwanga chini yetu.

Nuru hiyo hutoka kwa viumbe vidogo mno viitwavyo Pyrodinium bahamense. Mchana hutumia mwanga wa jua kujilisha kama ifanyavyo mimea. Usiku, vikitikiswa, humweka kwa muda usiofika sekunde moja. Lita moja ya maji yaweza kubeba zaidi ya viumbe 100,000. Majani ya mikoko yaozayo huirutubisha ghuba, na mlango wake mwembamba huvizuia viumbe hivyo visichukuliwe na bahari kuu.

Kuogelea humo kumepigwa marufuku, kwa kuwa mafuta ya ngozi na dawa za mbu huvidhuru. Mwenzetu mmoja aliomba achote chupa moja tu ya maji, awapelekee watoto wake. Kiongozi akakataa kwa upole. Sote tukanyamaza, maana hamu hiyo ilikuwa ndani ya kila mmoja wetu.

Mwezi Septemba 2017, kimbunga Maria kiliipiga Vieques. Mvua ilimwaga maji baridi ghubani, upepo ukaivunja mikoko, na kwa miezi kadhaa ghuba ikawa giza. Hakuna aliyeweza kuiwasha kwa mkono wake. Ilibidi kungoja. Mwaka 2018 nuru ilirudi.

Tujiulize basi: ni mangapi tuyapendayo ambayo tumeyachosha kwa kutaka yawe yetu peke yetu? Chupa moja ni kidogo, lakini kila mgeni ana chupa yake. Tukijaliwa kuona jambo jema, tulitazame kwa shukrani na kuliacha mahali pake, ili atakayekuja kesho alikute.

Tunawatakieni juma lenye heri.