Barua kutoka Kihesa

Dada,

Picha zako za Mnara wa London tumezipitia nyumbani wote, mama hata akauliza kama kuna watu wanaolala mle ndani. Nami nimetembea, ila huku huku kwetu.

Nilianzia Igeleke, si mbali na hapa Kihesa, upande wa barabara ya Dodoma. Chini ya jabali kuna michoro ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu iliyofifia. Mwanzoni huoni kitu. Tulia kidogo, watajitokeza mmoja mmoja. Inaniuma kwamba tumesoma hapa hapa na hakuna aliyetupeleka kuiona.

Boma la mjini, walilolijenga Wajerumani kama hospitali, tangu 2016 ni makumbusho. Saa moja inatosha.

Lakini Kalenga, dada! Hapo ndipo ilipokuwa Lipuli, ngome ya Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, hadi Wajerumani walipoipiga kwa mizinga na kuiteka Oktoba 1894. Walikuwa na kisasi: Agosti 1891 Wahehe walilisambaratisha jeshi lao pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Zelewski. Mkwawa hakukamatika. Mwaka 1898 alijiua wasimpate akiwa hai, nao wakakikata kichwa chake. Baada ya Vita Kuu, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954! Gavana Twining alilifuata Bremen, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Sasa limo kwenye kioo pale Kalenga, dogo kuliko nilivyodhani. Nikajiuliza kwa nini lisizikwe Mlambalasi, kiliko kiwiliwili. Mara wakaingia wanafunzi, mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa nini walimkata?" Mwongozaji akaacha maelezo yake ya kila siku, akachuchumaa, akamsimulia yule mtoto tangu Lugalo. Wenzake wakasogea wote. Mimi nasema libaki pale pale.

Ukija Julai, mvua hakuna, tutafika na Isimila kwenye nguzo za udongo na zana za mawe. Mama naye anataka kwenda Kalenga. Nijulishe mapema nitafute gari, maana tukitaka kufika Mlambalasi pia, ni mbali, na njoo na viatu vya kupandia mawe.

Mdogo wako